Mjomba anasema najifunza wizi, mi nataka kulinda hela za wakulima. Nifanyeje?

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu wala ofisi yangu, Mtwara hapa ni padogo, ukisema tu binti wa IT wa sehemu fulani watu washajua. Nina miaka 25, nina diploma ya kompyuta, nafanya kazi kwenye ofisi moja hapa mjini inayohudumia wakulima wa korosho. Kwenye karatasi mi ni msaidizi wa TEHAMA ila kiukweli ni kila kitu chenye waya, printa ikigoma naitwa, intaneti ikikata naitwa, hata feni nishaitwa.

Msimu uliopita mhasibu wetu aliletewa imeili yenye linki, akaifungua, ukaja ukurasa unafanana kabisa na ule tunaoingilia imeili za ofisi, akaweka paswedi, na ile kodi, yaani namba za siri za kuthibitisha zinazokuja kwa meseji kwenye simu, nayo akaiweka. Kumbe ndo washaingia. Zikaanza kutoka imeili kwa jina lake kwenda kwa wanaoshughulikia malipo kwamba akaunti za baadhi ya wakulima zimebadilika, walipwe kwenye namba hizi mpya. Mungu tu alisaidia dada mmoja wa benki akashtuka akapiga simu kuuliza kabla hela haijatoka. Bosi akanigeukia akauliza imekuwaje wakati tuliambiwa hiyo kodi ya meseji inazuia, na Anti mi sikuwa na jibu hata moja. Nilisimama pale kama sijasoma. Wale ni wazee wa Newala na Tandahimba wamesubiri hela yao mwaka mzima, mtoto anasubiri ada, mwingine kakopa salfa ya kupulizia mikorosho, halafu mimi ndo niliyewekwa pale na sijui hata mwizi kapitia wapi.

Kuanzia hapo nikaamua nijifunze wanavyofanya wao. Nikaweka Kali Linux, ule mfumo wa kompyuta wenye programu za kupima usalama, kwenye laptopu yangu, nasoma usiku bando likiwa la bei rahisi, nimejifunza Nmap, ile programu ya kukagua mashine zilizopo kwenye mtandao na milango yake iliyo wazi, nimeanza kuelewa jinsi zile kurasa feki zinavyotengenezwa, na nakwambia ukweli nimeipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni. Bila kujua kushambulia huwezi kulinda, hilo nalisema kila siku.

Tatizo limeanzia kwa mjomba wangu. Yeye ndo kanilea, baba aliondoka mi mdogo, na ada yangu yote imetoka kwenye mikorosho yake kule Newala. Alikuja mjini kwa ajili ya hospitali akalala kwangu, akaniona usiku nimekaa na lile skrini jeusi. Akauliza, nikamwambia najifunza kuhaka ili nizuie wahakaji. Hakusema kitu. Aliporudi kijijini akapiga simu akasema mtu anayejifunza kuvunja kufuli hata akijiita fundi mwisho wake unajulikana, na kwamba hakunisomesha nije kuwa mwizi, na nisipoacha nisimpigie tena. Na hajapokea simu yangu mpaka leo. Mama ananiambia mwombe radhi, acha hayo mambo. Labda niseme pia kwamba mtoto wa mjomba, binamu yangu, aliwahi kukamatwa kwa zile meseji za "hela tuma kwenye namba hii", waliuza kipande cha shamba ndo akatoka.

Ofisini nako nilimwomba bosi anipe ruhusa niupime mfumo wetu, akasema nikome, akisikia tena nina programu za kuhaka kwenye jengo lake ananitoa. Wanaonielewa ni wenzangu wa kundi la Telegram, wengi wapo Dar, wananisaidia sana, ila sa hivi wananiambia nimeshaiva nikajaribu kwenye website ya shule moja hivi, hakuna atakayejua, eti mazoezi ya kwenye laptopu ni ya watoto. Sijafanya. Na kuna rafiki yangu wa karibu kila siku ananililia nimhakie WhatsApp ya mume wake, anasema kama kweli najua na ni rafiki yake nimsaidie.

Anti, nimechanganyikiwa. Niache? Nimdanganye mjomba kuwa nimeacha niendelee kimya kimya? Nihamie Dar ambako kazi hizi zipo? Na swali linaloninyima usingizi, mtu anaweza akajifunza ubaya wote huu na akabaki kuwa yule yule?

Binti yako, Mtwara.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nikwambie kwamba wakulima wa huko wana bahati kuwa na mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya malipo yao. Nimewahi kufanya kazi kwenye idara za mifumo kabla sijaanza kujibu barua, nimeona ofisi nyingi ambazo baada ya tukio kama lenu watu wanashukuru Mungu, wanabadilisha paswedi, wanaendelea na chai.

Kama nimekuelewa, wezi wamefungua mlango mbele ya macho yako, ukaona aibu kwamba hujui ulivyofunguliwa, ukaenda kujifunza. Sasa wale uliotegemea wakusifie, mjomba na bosi, wamekugeuka, na wanaokusifia wanakusukuma uende mahali ambapo moyo wako unagoma. Ndo ilivyo?

Tuanze na hiyo sentensi unayosema kila siku, kwamba bila kujua kushambulia huwezi kulinda. Mi nakubaliana nayo ila sio yote. Angalia tukio lenu lenyewe. Kilichowaokoa ni dada wa benki kupiga simu, yule hajui Nmap wala Kali. Mngekuwa na utaratibu kwamba akaunti ya mkulima haibadilishwi kwa imeili, lazima apigiwe kwa namba ya zamani iliyopo kwenye daftari na athibitishe mtu wa pili, wale jamaa wangeweza kuwa na paswedi zote za ofisi na bado wasipate hata mia. Kufuta akaunti za wafanyakazi walioondoka, kuacha kushea paswedi moja watu wanne, kuwa na bakapu, yaani nakala ya akiba, ambayo mmeshawahi kuijaribu kuirudisha, kusoma logi, yaani kumbukumbu za nani kaingia lini, hiyo yote ni ulinzi na hamna anayeogopa ukiifanya. Nakuuliza kwa upole, je umeshaifanya? Au imekuwa ya kuchosha ukilinganisha na lile skrini jeusi? Sikulaumu, ile nyingine inavutia kweli, mi mwenyewe naijua raha yake.

Lakini sasa nikugeukie na nusu nyingine. Bosi alipokuuliza kodi ya meseji ilishindwaje, jibu lake halipo kwenye kitabu cha ulinzi, lipo upande wa mshambuliaji. Ule ukurasa feki haukuwa picha tu ya kuibia paswedi, unakaa katikati, mhasibu anaandika kwake, wenyewe unapeleka palepale kwenye ukurasa wa kweli, mfumo wa kweli unatuma kodi, mhasibu anaiandika tena kwenye ule feki, na mwizi anaingia kabla kodi haijaisha muda. Mtu aliyewahi kuujenga ukurasa kama huo kwenye mashine yake mwenyewe analielewa hilo hapohapo na anajua kwa nini ile funguo ya kuchomeka kwenye USB inakataa mchezo huo, maana yenyewe inaangalia anwani halisi ya tovuti, haidanganywi na sura. Asiyewahi anabaki kuambiwa "tumieni kodi ya meseji" na anaamini imeisha. Kwa hiyo hamu yako ina msingi, sitaki mtu akwambie ni utoto.

Na mjomba kakupa mfano wa kufuli, basi nikupe kisa cha kufuli ambacho unaweza kumsimulia siku akipokea simu. Mwaka 1851 huko London kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, akaja fundi wa Marekani anaitwa Alfred Hobbs, akasema makufuli yenu mnayojivunia nayafungua. Akalifungua la Chubb ambalo watu waliamini halifunguki. Halafu akaenda kwenye lile la Bramah, lilikuwa limekaa dirishani kwa duka zaidi ya miaka 60 na tangazo kwamba atakayelifungua anapewa gini 200, sarafu za dhahabu za Waingereza. Alitumia saa 51 za kazi katika siku 16, akalifungua. Wapo walionung'unika kwamba anawafundisha wezi. Yeye alikuwa na msimamo kwamba wezi wa fani hiyo wanajua tayari kuliko tunavyoweza kuwafundisha, anayebaki gizani ni mwenye mali. Ila nataka ukiangalie kisa hiki pale ambapo watu wengi wanapapita haraka. Alipewa kufuli na wenyewe, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na kulikuwa na waamuzi waliochaguliwa kusimamia jaribio. Kila alichofanya kilionekana.

Hapo ndo naomba tukae kidogo, maana nadhani swali lako la mwisho linaishi hapo. Umeniuliza kama mtu anaweza kubaki yule yule. Mi sidhani ujuzi wenyewe ndo unaobadilisha mtu. Ninachokiona, na nimekiona kwa vijana niliofanya nao kazi, ni kwamba mtu anabadilika pale anapoanza kufanya peke yake mahali ambapo hakuna mtu anayempenda anayeona. Sasa turudi kwenye wazo la kumdanganya mjomba. Ukimwambia nimeacha huku unaendelea, amani utaipata, sawa. Lakini wakubwa wako wote katika jambo hili watabaki kuwa ni wale wa Telegram. Siku wakikuambia ingia hapa hakuna atakayejua, utakuwa huna hata mtu mmoja wa kumuuliza, maana kwa wengine wote umeshasema umeacha.

Na kuhusu mjomba mwenyewe, ile habari ya binamu umeiweka mwishoni kama kitu cha pembeni, "labda niseme pia". Mwanangu, mi naona ndo barua yote ya mjomba ipo pale. Wewe unadhani anagoma kwa sababu haelewi kompyuta. Inawezekana kabisa anaelewa kitu kimoja vizuri kuliko wewe, jinsi inavyokuwa kukaa nje ya kituo cha polisi na kuuza mikorosho uliyoipanda mwenyewe kwa sababu ya kijana mwenye akili na simu. Alipoona skrini jeusi usiku aliona mtoto wa pili anaenda. Ukimjibu kwa kumweleza Nmap hutakuwa umemjibu. Sijui kama simu inatosha kwa jambo hili, huyu kakaa nafasi ya baba na kwa mila zetu za kusini neno la mjomba ni zito, pengine inafaa uende Newala, umtangulize mama au mzee mwingine anayemsikiliza, na umsikilize yeye kwanza kuhusu binamu kabla hujajitetea. Hatari yake ipo, anaweza asikubali hata hivyo. Utakuwa umerudi na nauli imeenda. Lakini atakuwa amesikia kutoka kinywani kwako unafanya nini, kwenye mashine ya nani, kwa ruhusa ya nani.

Sheria nayo usiichukulie kama mambo ya vitisho. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa, hata kama hukuchukua kitu, na adhabu yake inaanzia faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja au vyote. Na ina kifungu kinachogusa hata kuwa na programu iliyotengenezwa kwa lengo la kutenda kosa. Kwa hiyo website ya shule, hata ukiingia ukatoka bila kugusa matokeo ya mtoto yeyote, umeshavuka. Anayekwambia hakuna atakayejua hatakuwa pamoja na wewe mahakamani. Na WhatsApp ya shemeji yako ni hivyohivyo, hapo rafiki yako ana maumivu ya kweli na nakuomba usimdharau, kaa naye, mpeleke kwa wakubwa wa familia au kwa watu wa ustawi wa jamii, ila simu ya mtu mzima ni ya kwake.

Hata wenye ruhusa wanateleza. Mwaka 2019 kule jimbo la Iowa, Marekani, wafanyakazi wawili wa kampuni ya usalama walikodiwa na uongozi wa mahakama wa jimbo kupima usalama, ikiwemo kujaribu kuingia kwenye majengo usiku. Walikamatwa ndani ya mahakama ya wilaya, barua wakawa nayo, lakini mkuu wa polisi wa pale akasema jengo ni la wilaya, aliyewapa ruhusa hana mamlaka nalo. Walilala ndani, mashtaka yalifutwa Januari 2020 baada ya miezi. Ndo maana nakwambia hata bosi siku akilainika akasema kwa mdomo "haya pima", usianze. Iandikwe, mfumo upi, tarehe zipi, nani apigiwe kitu kikiharibika, na kama seva sio yenu mmepangisha kwa mtu, basi na huyo mwenye seva akubali.

Na yupo kijana Mwingereza Marcus Hutchins. Mei 2017 ndiye aliyezuia kirusi cha WannaCry kilichokuwa kinafunga kompyuta za hospitali Uingereza, dunia ikamshangilia, Agosti mwaka huohuo akakamatwa Marekani kwa programu ya kuibia benki aliyoitengeneza alipokuwa kijana mdogo. Hakimu mwaka 2019 hakumpeleka jela tena, aliangalia aliyoyafanya baadae. Nakutajia huyu kwa ajili ya swali lako la kubaki yule yule, na pia kwa ajili ya binamu yako, maana hujaniambia yupo wapi sa hivi.

Sasa kama hutaki kuacha, na sijaona kwenye barua kwamba unataka, ipo namna ya kujifunza ambayo hata mjomba akikaa pembeni hamna cha kuficha. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha, unaweka VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, ndani yake Kali na pembeni mashine au tovuti zilizotengenezwa makusudi zivunjwe kama Metasploitable au DVWA, mtandao wake unaufunga uishie humohumo ndani isitoke hata paketi moja nje. Kama bando ni tatizo, na huko najua ni tatizo, michezo ya OverTheWire, ya kujifunzia usalama wa kompyuta, unaicheza kwa maandishi tu, inakula data kidogo mno. Kampuni ya PortSwigger wana darasa la usalama wa tovuti ni bure kabisa. Wanaosema hayo ni ya watoto waambie wakuoneshe ripoti moja waliyoandika na mwenye mfumo akaisoma. Kuandika ripoti ndo sehemu ngumu, nimeona watu wanavunja vitu vya ajabu halafu hawawezi kumweleza mhasibu afanye nini Jumatatu asubuhi.

Kuhama Dar ni kweli kazi za hivi ziko nyingi zaidi kule, na ukiwa na cheti na mtu wa kukushika mkono utakua haraka. Ila kule utalinda mabenki yenye timu nzima, na pale ulipo ukiondoka wazee wa korosho wanabaki na nani? Sisemi ubaki kwa ajili yao, una miaka 25 na maisha ni yako, nasema tu kwamba ulichoanza nacho kwenye barua ni wao, Dar imekuja mwishoni. Jiulize kama unaikimbilia kazi au unalikimbia jina la mwizi.

Bosi nimemwacha mwisho kwa sababu naona pale mlango haujafungwa kama unavyodhani. Wewe ulimwomba uupime mfumo, yeye akasikia unataka kumvunjia na kumuumbua. Mwaka 1995 Marekani mtaalamu mmoja, Dan Farmer, alipoteza kazi kwenye kampuni kubwa kwa sababu alishiriki kutengeneza programu ya kukagua matundu kwenye mitandao na kuigawa bure, kwa hiyo hofu ya mabosi kwa kitu hiki ni ya zamani na haipo Mtwara tu. Unaweza ukaanza na lile jibu ulilokosa siku ile, karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, kueleza kodi ya meseji ilipitwaje na utaratibu gani wa kubadili akaunti ungezuia, bila kutaja Kali popote. Mkumbushe pia kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, majina na akaunti za wakulima ni jukumu la ofisi, na kwamba TZ-CERT, timu ya taifa ya matukio ya usalama wa mtandao iliyopo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inapokea taarifa za matukio kama lenu. Anaweza akaiweka kwenye droo. Anaweza pia akakuita mwezi ujao. Laptopu yako ya mazoezi iache nyumbani kama alivyosema, hilo ni jengo lake.

Ila usichelewe. Sa hivi watu bado wanapuliza dawa mikorosho, ofisi imetulia, bosi ana muda wa kusoma karatasi. Minada ya korosho ikianza Oktoba hakuna mtu pale atakayekusikiliza mpaka hela zimeshalipwa, na wale walioshindwa msimu uliopita wanaijua kalenda ya korosho kama sisi.

Niandikie ukirudi Newala.

Anti